Tumeshinda Kesi, Nyumba Yangu Inauzwa

Niliwaacha wiki jana nikiwa juu ya mabega ya watu. Leo nashuka, na sishuki kwa hiari yangu.

Kwa msomaji aliyenikuta njiani: mimi ni Teodulo Lacanilao. Hapa Malabon, mji wetu wa pwani, wananiita Mang Dulo, kama mzee anavyoitwa kwa heshima. Nimekuwa msimamizi wa kiwanda cha mchuzi wa samaki tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mwenye kiwanda, Hermogenes Tansioco, tunayemwita Moge, ni kumpare wangu. Ndiye aliyemshika binti yangu kwenye maji ya ubatizo, na kwetu mtu akishamshika mwanao siku hiyo, humnyimi kitu.

Asubuhi moja kumpare aliwahamisha wafanyakazi wote kwenda kampuni ya wakala inayoitwa Maliwanag. Dagaa walewale, chumvi ileile, mapipa yaleyale. Jina la mwajiri tu ndilo lililobadilika. Kisha Maliwanag ikaanza kuwaondoa watu kila mkataba ulipokwisha. Siku ilipofika zamu ya mke wangu Salba, nilikwenda kuuliza, na mimi nikaambiwa nikapumzike.

Tukashitaki. Baraza la kazi likatupa haki, kiwanda kikakata rufaa. Na wiki jana habari zilifika mtaani kwamba Mahakama ya Rufaa imesema: wafanyakazi wameshinda.

Ndipo waliponibeba.

"Mang Dulo, punguza wali!" Luming alipiga kelele chini yangu. "Bega langu linakatika!"

Luming alikuwa mchambua dagaa, mjane, na ulimi wake umekolea chumvi kuliko mapipa yetu. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi kwenye kesi hii.

"Vumilia, binti yangu," nikamjibu kutoka huko juu. "Umebeba sheria!"

"Basi sheria inanuka jasho!"

Watu wakacheka. Pansit, tambi zetu za sherehe, ilikuwa imeshafika kwenye ungo mpana, mtu amefungulia muziki. Hapo ndipo wakili wetu, Perlita, akatokea kwenye kona. Yeye hututetea bila malipo. Hakuwa anacheka.

"Zimeni muziki," alisema.

"Attorney, tumeshinda au hatujashinda?" Luming akauliza.

"Mmeshinda. Mahakama inasema mlifukuzwa kinyume cha sheria. Mnastahili mishahara yenu yote tangu siku mliyoondolewa."

Kelele zilizopigwa hapo zingemwamsha maiti.

"Sijamaliza," Perlita alisema. Ilibidi arudie. "Sijamaliza! Mahakama inasema kiwanda hakihusiki. Kiwanda hakikuwa mwajiri wenu. Mwajiri wenu ni Maliwanag."

"Maliwanag ina nini?" Luming akadakia. "Meza moja na feni iliyovunjika panga!"

"Mahakama imeliona hilo. Imesema kwa kuwa kampuni haina mali, na kwa kuwa rais wa kampuni aliwaondoa watu huku akijua anachokifanya, rais huyo atawalipa kwa mali yake mwenyewe."

"Safi kabisa!" akasema kijana mmoja nyuma, aliyeletwa kiwandani siku za mwisho. "Akamuliwe! Rais mwenyewe ni nani?"

Macho yote yakapanda kwangu, huko juu.

Walionibeba wakanishusha polepole, kama watu wanaotua mtungi ambao hawajui kama una ufa. Miguu yangu ikagusa chini. Nikajikuta nimesimama peke yangu, na uwazi umenizunguka pande zote.

Wasomaji wangu, katika majuma haya yote niliwasimulia kila kitu, lakini jambo moja nililipitia juu juu. Rais wa Maliwanag ni mimi.

Kumpare alinipa cheo hicho mezani kwangu, Salba akiwa anapakua sinigang, supu yetu ya ukwaju.

"Kumpare, nahitaji jina la mtu ninayemwamini," alisema.

"Jina langu litakufaa nini? Mimi sina mtaji."

"Mtaji ninao mimi. Wewe una heshima."

Niliimaliza sekondari kwa shule ya usiku, nikiwa baba wa watoto. Nilisoma usimamizi wa biashara kwa posta. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza nimejifunza nini. Kumpare aliniletea kibao cha mti wa narra, jina langu limechongwa kwa herufi za dhahabu, na chini yake neno moja: RAIS. Nikakiweka mezani. Kila asubuhi nilikifuta vumbi kwa leso yangu mwenyewe.

Lakini si kibao kilichoniua. Kilichoniua ni mdomo.

Kwenye baraza la kazi, wakili wa kiwanda aliomba kuniuliza maswali machache. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu. Alinivutia kiti.

"Mzee, naona wewe ni mtu msomi."

"Nimejisomesha," nikasema.

"Hongera sana. Basi utanisaidia. Maliwanag ilipohitaji watu, nani aliwachagua?"

"Mimi."

"Nani aliwapangia zamu?"

"Mimi."

"Wanasema wewe ulikuwa jina tu, na kwamba ulifundishwa kila kitu na Bwana Tansioco."

Nikasimama. Wakili Perlita alinivuta shati, nikauondoa mkono wake.

"Nimeishi na dagaa kabla wewe hujazaliwa," nilimwambia. "Hakuna mtu wa kunifundisha kazi yangu."

"Na walipoondolewa watu, nani aliwaambia?"

"Mimi. Mwanamume hujificha?"

"Ahsante, mzee," akasema yule kijana, akakaa. Mwamuzi akaandika. Mimi nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamwambia Salba nimemweka wakili mfukoni.

Mwamuzi hakuyajali majibu yale. Aliziona hila za kiwanda, akakibana. Ila maneno yakishaandikwa huwa hayafi. Yalipanda hadi kwa majaji wa rufaa, na majaji wakayasoma kama nilivyoyasema.

"Mang Dulo," Perlita aliniambia mbele ya watu wote, pansit ikiwa inapoa. "Ile 'mimi, mimi' yako imo yote humu."

"Nyumba yangu je?" Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Sheria inailinda nyumba ndogo ya familia. Yako ina ghorofa."

Nililipandisha ghorofa lile mwenyewe, tofali kwa tofali, ili mtu akipita aseme, hapa anakaa msimamizi.

"Kuna njia?" Luming aliuliza. Hakuwa ananitazama.

"Ipo moja, na muda wake ni mfupi. Tunaweza kuiomba mahakama iitazame upya hukumu. Lakini Mang Dulo lazima atoe kiapo cha maandishi. Aape kwamba alikuwa rais wa kibao tu. Kwamba hakuwa na uwezo wa kumwajiri wala kumfukuza mtu. Kwamba hata ufagio wa ofisi alikwenda kumwomba ruhusa Tansioco."

"Nani kakuambia habari za ufagio?"

"Mimi," ilisema sauti kutoka mlangoni kwangu. Alikuwa Salba, mwiko mkononi.

Watu walijizuia kucheka, wengine wakashindwa.

"Unataka niape kwamba nilikuwa karagosi," nikamwambia wakili. "Mzee mzima, niandike kwa mkono wangu kwamba nilikuwa mjinga, kiapo kikasomwe mahakamani?"

"Nataka uape ukweli."

"Sitaandika."

Nikaingia ndani. Nyuma yangu nilisikia mtu akiusukuma ule ungo wa pansit, na hakuna aliyekula.

*

Kesho yake nilivaa barong yangu ya sherehe nikaenda kwa kumpare. Yeye anakaa upande wa juu, ambako maji ya bahari hayafiki hata siku za bamvua.

"Kumpare!" alinikumbatia. "Kaa. Kula bibingka, ya moto hiyo."

"Kumpare, wanataka kuiuza nyumba yangu."

"Nimesikia. Inauma."

"Walipe basi. Unajua nani alikuwa mwajiri."

Akamega kipande cha ile keki ya unga wa mchele, akakitafuna taratibu.

"Mimi najua nini? Majaji wamesema mwajiri ni wewe. Niwe mjuzi kuliko majaji?"

"Mimi nilikupa jina langu kwa sababu ya binti yangu. Kwa sababu ya ubatizo."

"Na mimi nikakupa kibao. Uliwahi kukirudisha?"

Akasogeza kiti, akaniwekea mkono begani. Mkono ule ulikuwa na uzito wa gunia.

"Sikiliza, Dulo. Sitakutupa. Nyumba ikiingia mnadani, nitainunua mimi. Wewe na kumare Salba mtakaa humohumo mpaka Mungu awaite. Bure. Hakuna atakayejua. Wafanyakazi watapata chao, wewe utabaki na paa lako na heshima yako. Ninachotaka ni kitu kimoja tu."

"Nini?"

"Usiape kitu kipya."

"Na nikiapa?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Uliapa mbele ya mwamuzi kwamba wewe ndiye. Ukiapa sasa kwamba siye, kimoja kati ya viapo viwili ni uongo. Wanaoapa uongo wanafungwa, kumpare. Katika umri wako jela si mahali pa kwenda kujisomesha."

Alinifungia bibingka iliyobaki kwenye jani la mgomba nimpelekee mke wangu. Na mimi, sijui kwa nini, nikaipokea. Nikasema ahsante.

Salba aliitazama ile bibingka. Nikamweleza yote, sikuacha neno.

"Tutakaa bure," nilimalizia. "Tutakufa humuhumu ndani."

"Kama nani?"

"Vipi kama nani?"

"Tutakaa humu kama nani, Dulo? Kama wenye nyumba au kama paka wa Moge?"

"Wewe unataka niende jela?"

Alifungua dirisha akaitupa bibingka kwenye maji ya mtaani. Bata wa jirani wakaigombania.

*

Sasa niwaeleze habari za mabuti.

Kiwandani kwetu kila mtu alipewa mabuti ya mpira, meusi, yanayofanana. Kwenye chumba cha mapipa huingii nayo, unayavua mlangoni. Zamani, watu walipotaka kuamua jambo, waliogopa kunyoosha mikono kwa sababu wasimamizi walikuwa wanaangalia. Ndipo mimi, ndiyo, mimi, nilipowaambia wayatumie mabuti. Anayekubali anayaacha kulia kwa mlango, anayekataa anayaacha kushoto. Mtu mmoja mmoja anapita, wengine wamegeuza migongo. Mwisho unaona vilima viwili vyeusi, na hujui buti lipi ni la nani.

Hukumu ilikuwa mali ya wafanyakazi. Dalali wa mahakama haji kubandika tangazo mpaka walioshinda waseme nenda. Kwa hiyo ilibidi waamue.

"Tutaamulia palepale nyumbani kwake," Luming aliwaambia. "Mtu asiiuze nyumba asiyoweza kuiangalia."

Walikuja kesho yake mchana, bamvua likiwa limejaa. Maji yalikuwa yameshaingia mtaani kama kawaida yake, yanapanda na kushuka kwenye ngazi zangu. Nilikaa ghorofani, kiti kikiwa kimetazama ukuta. Kibao cha narra kilikuwa juu ya kabati mbele yangu. Tulitazamana.

Nje nilimsikia Luming akisema:

"Kulia, nyumba iuzwe tulipwe. Kushoto, tuiache na tusubiri Mungu. Msisukumane. Nawe, Turing, vua kwanza soksi, unatuulia samaki."

Baada ya hapo nilisikia maji tu, na mpira ukigusa saruji. Tap. Tap. Mtu mmoja alikuwa analia. Nilimtambua kwa kikohozi chake, mzee wa kupakia chumvi, mwenzangu wa miaka mingi. Watoto wake wameacha shule tangu tufukuzwe. Yeye aliweka upande gani? Sikutaka kujua, na nilijua.

"Wamemaliza?" nilimuuliza Salba.

Nikageuka. Hakuwepo chumbani.

Nikainuka nikaenda dirishani. Pale chini palikuwa na vilima viwili, na cha kulia kilikuwa kikubwa. Watu walikuwa wamesimama peku ndani ya maji, migongo yao kwangu, kimya kama kanisani. Mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anapanda ngazi, gauni ameliinua kwa mkono mmoja, mabuti kwenye mkono mwingine.

Salba naye alikuwa amefukuzwa na Maliwanag. Jina lake limo kwenye hukumu. Kura ilikuwa haki yake, na mimi katika hesabu zangu zote sikuwahi kulifikiria hilo.

Mabuti yote yanafanana, isipokuwa yake. Moja lilitoboka mwaka wa kimbunga, na nililiziba mwenyewe kwa mpira mwekundu wa baiskeli.

Alisimama mbele ya mlango wetu. Aliutazama ule mlango, mbao alizozipaka rangi kwa mikono yake. Kisha akainama, akayaweka yale mabuti.

Kulia.

"Salba!" Nilipiga kelele mpaka bata wakaruka. "Salba, umekosea upande!"

Akainua uso.

"Sijakosea."

"Ni nyumba yako!"

"Ilikuwa yangu mpaka jana, ulipokuja na bibingka. Waichukue hawa wenye njaa, kuliko tupewe sadaka na Moge. Wewe utabaki na kibao chako. Kitakutosha kuezekea."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

Nilishuka. Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nilikuwa na mabuti yangu mkononi, yale yaliyokuwa uvunguni tangu siku niliyoambiwa nikapumzike. Nilisimama kwenye ngazi ya mwisho, maji yakinifika magotini. Watu walikuwa wamegeuka wote kunitazama.

Mwisho wa mtaa, pale maji yanapoishia, gari la kumpare lilikuwa limeegeshwa.

"Na mimi nipige kura," nilimwambia Luming.

"Rais hana kura, Mang Dulo. Mabuti ni ya wafanyakazi."

"Mimi nina mabuti. Haya hapa."

"Hata Bwana Moge anayo. Aliyanunua ya kupigia picha." Alisogea karibu. Macho yake yalikuwa mekundu, na sauti yake, ile ya kutania, ilikuwa imekwisha. "Unadhani tunafurahi? Mimi nimekula kwako. Mwanangu alipougua, mkeo, Aling Salba, ndiye aliyekesha naye. Lakini nina watoto watatu na sufuria tupu. Sina mtu mwingine wa kumdai. Majaji wamenipa wewe."

"Luming..."

"Ngoja nimalize. Hatuwezi kuiuza nyumba ya mwenzetu. Hilo halijawahi kutokea kwenye mapipa, na wewe ndiye uliyetufundisha. Kwa hiyo tuambie hapa, kwa sauti, mpaka lile gari lisikie. Ulikuwa rais, au ulikuwa mwenzetu? Ukiwa rais, kesho dalali anakuja. Ukiwa mwenzetu, kila mtu anachukua mabuti yake anaondoka, na wewe sasa hivi unakwenda na Attorney kuapa."

Perlita alikuwa kwenye baraza ya jirani, mkoba ameukumbatia kifuani usilowe. Aliinamisha kichwa kidogo, kama anayeniambia njia ipo.

"Na jela je?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Siwezi kukuahidi kitu, Mang Dulo," alisema. "Wanaweza kujaribu."

Kioo cha gari kikashuka. Nikauona uso wa kumpare. Hakutoa ishara ya vitisho wala hakuita. Alinitabasamia tu, lile tabasamu la siku ya ubatizo, akiwa na mtoto wangu mikononi.

Nikamtazama Salba. Alikuwa amesimama peku kando ya kilima cha kulia, maji yameloanisha gauni mpaka kiunoni, na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anayatazama mabuti yaliyokuwa mikononi mwangu.

Hata kile kikohozi kilinyamaza.

Nilivuta pumzi. Nilifungua mdomo, na neno la kwanza likatoka safi, kubwa, kama siku ile kwenye baraza la kazi:

"Mimi..."